Kigoda cha Baba Mkwe

Mjukuu wangu Kabula,

Shikamoo yako imenifikia nikiwa barazani, nami nimeiitikia kwa sauti kana kwamba umesimama hapa. Marahaba, mama. Baba yako Masanja ni mzima, ng'ombe wake amezaa, na ziwa asubuhi hii limejifunika ukungu kama vile bado limelala.

Unasema mkutano wa kijiji chenu umekubaliana watu wasivute ndani penye watoto. Sasa wewe mhudumu wa afya unaniuliza, utamwambiaje mzee atoke nyumbani kwake na sigara yake?

Mimi sikusema kitu. Baba yako alikuwa mchanga, anakohoa, na baba mkwe alivutia kiko chake pale pale ndani, moshi ukielea taratibu juu ya chandarua. Mkamwana gani angemkanya? Basi kila jioni nilimwekea kigoda chake hatua moja karibu zaidi na mlango. Kikafika kizingitini. Kikafika nje, upenuni. Mzee alikaa tu, akavuta, akatazama maji. Nikajiona mjanja kweli.

Siku moja nikakuta kigoda hakipo. Nikatoka kukitafuta. Mzee alikuwa amekibeba mwenyewe hadi kwenye mawe ya ufukweni, moshi wake unakwenda na upepo ziwani.

Hakugeuka. Aliniuliza tu, "Mama Masanja, hapa panatosha, au nisogee tena?"

Bibi yako anayekuwaza.