Bushiri Hatashika Sikio Tena

Mtaa wa Swahili,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
16 Novemba 2024

Mpendwa Shangazi Nasma,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na mgongo umepata nafuu kwa kuwa sasa joto la Maskati limepungua. Sisi hatujambo. Baba bado anakwenda bandarini, Mama anauza viatu vya mtumba Mchikichini, na Bibi anakula vizuri ingawa mwenyewe anakataa.

Bibi akikupigia simu atakuambia nimekuwa mjeuri. Ni kweli nimebisha, lakini nataka ujue nilibishia nini.

Mdogo wangu Bushiri alitimiza miaka mitano mwezi wa Agosti. Tangazo kwenye geti la shule ya serikali hapa mtaani linasema darasa la awali ni bure kwa mtoto wa miaka mitano, aje na cheti cha kuzaliwa. Jumatatu Bibi alimpeleka. Mwalimu Filbert, anayeandikisha, hata hakukitazama cheti. Alimwambia Bushiri apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Umemwona kwenye picha: kichwa kikubwa, mikono mifupi. Vidole havikufika. Akaambiwa aje kuandikishwa mwakani, na Bibi akashukuru, wakarudi nyumbani.

Nilipouliza, Bibi alisema, "Sikio halidanganyi. Shangazi yako alirudishwa miaka miwili, mbona leo yuko Maskati anakula tende?"

Shangazi, Bibi ni mama yako na simvunjii heshima. Lakini ile miaka miwili ilikuwa yako, na sidhani kama kuna mtu aliyekuuliza.

Huko Mchikichini likawa jambo la kuchekesha. Mudi, jirani wa meza ya Mama, kila asubuhi alimnyoosha Bushiri mkono. "Lalisha shingo kidogo, bwana mdogo, sikio litakufuata lenyewe." Bushiri akaweza, watu wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Nafasi ile ni haki yake, kwa nini aipate kwa kulalisha shingo?

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni kwangu, nikaenda na Mama na Bushiri. Nilimwamkia Mwalimu Filbert, nikamwomba asome cheti.

"Huyu mdogo sana, atalia," alisema.

"Akilia atanyamaza, Mwalimu. Miaka anayo."

"Binti, umekuja kunifundisha kazi?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja kumwandikisha mdogo wangu."

Akatuambia tuwapishe wengine. Tuliwapisha, ila hatukuondoka. Mama, ambaye huwa hasemi kitu mbele ya walimu, aliketi kwenye benchi akavua viatu kabisa. Mama mmoja ambaye mwanawe naye alikuwa ameshindwa sikio akaja kuketi nasi. Mchana ulipofika, Mwalimu alisema turudi Jumatatu, Mwalimu Mkuu atakuwepo.

Shule za kulipia hatuziwezi. Bushiri akikosa nafasi hii, atakaa mwaka mwingine chini ya meza akipanga viatu, na wenzake wa mtaani watamtangulia. Sijui Mwalimu Mkuu atasema nini, ila tutakwenda. Bibi naye anasema atakuja. Hajasema kama anakuja kutusaidia au kunitazama nikiaibika, lakini ameshapiga pasi baibui lake.

Barua hii itakapokufikia, Jumatatu itakuwa imepita. Tuombee hata hivyo. Nisalimie binamu zangu Yasser na Anfal, waambie chumba chao bado kipo. Mwenyezi Mungu akulinde huko ugenini na akurudishe kwetu salama.

Nusura nisahau: Mama anamshonea Bushiri kaptula mpya, nami nimemwomba aweke mifuko mirefu. Bushiri tumeshamfundisha. Akiambiwa ashike sikio, atatia mikono yote miwili mfukoni, atataja jina lake, kisha atasema ana miaka mitano.

Mimi mpwa wako, nikupendaye sana,

Mwanamize