Vitabu vya Leta Tulivyovichafua kwa Amri

Jumatatu. Ukungu haujatoka mlimani tangu asubuhi, na tumbo langu bado zito kwa maharage ya jana. Naungama hapa, maana kwa padri nitaona haya.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita katika shule ya msingi ya serikali, huku milimani Masisi. Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo Leta, ndivyo tunavyoiita serikali, ilitutumia vitabu vipya vya Kifaransa, kila mtoto chake. Tuliimba siku hiyo. Direkta wetu, mkuu wa shule Papa Safari, akatia sahihi karatasi ya kuvipokea, na tangu hapo sahihi ile ikamkosesha usingizi. Akavifungia kabatini. Mimi nikapewa kimoja, nikawa nakinakili ubaoni mpaka bega likaniuma.

Kila nilipomwomba avigawe, alinikumbusha kwamba watoto wetu wanakamua ng'ombe asubuhi na kupalilia maharage jioni.

"Mwalimu, ile vitabu iko ya Leta," alisema. "Ikichafuka, njo mimi nitajibu."

Na mtihani wa mwisho unakuja. Watoto wangu thelathini na wawili wataufanya kwa Kifaransa walichokisoma katika mwandiko wangu, na mwandiko wangu si wa kusifiwa.

Ijumaa habari ikafika: enspekta, mkaguzi wa shule, atapita Jumatatu. Shule itakayokutwa haitumii vitabu vyake itanyang'anywa, wapewe wengine.

Jana baada ya misa Papa Safari akatuita walimu wote nyumbani kwake. Vitabu vilikuwa vimepangwa mezani, na mke wake akaleta ugali na maharage. Tukakatazwa kunawa.

Ndiyo, tulikatazwa.

Tukala huku tunageuza kurasa na kukunja pembe. Mwalimu wa darasa la tano alichovya kidole kwenye maziwa akawa anakibandika kitabu hadi kitabu, kwa bidii ambayo sijawahi kumwona nayo akifundisha. Kila pembe ilipokunjwa, Papa Safari alifumba macho kama mtu anayechomwa sindano. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Sikusema neno la kukataa, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo enspekta alifika kwa pikipiki, buti zimejaa matope. Akavifungua vitabu, akaona madoa, akasema hii ni shule inayosoma kweli. Papa Safari akavimba kwa furaha. Kisha enspekta akampa kitabu kimoja Riziki, msichana wa benchi ya mbele, asome.

Riziki hakukifungua. Alikilaza mapajani, akapapasa jalada, akaniangalia.

"Mwalimu, naweza fungua?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ningeweza kusema mtoto ana haya, lakini ulimi ulikataa. Nikasema yote, hata maharage.

Enspekta alicheka, tena sana. Halafu akaacha kucheka, akamwomba Papa Safari agawe vitabu kwa mikono yake mwenyewe. Maskini direkta, kila kitabu alikishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Nitarudia hapa," enspekta akatuambia akiwasha pikipiki. "Nataka nikute uchafu ya watoto, hapana ya walimu."

Vitabu vimebaki kwetu! Watoto wamekwenda navyo nyumbani, wengine wamevifunga ndani ya vitenge vya mama zao, na Riziki alikuwa anasoma huku anatembea, nusura aangukie mtaroni. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Kisha nimekaa kuandaa somo la kesho, nikafungua ukurasa unaofuata, na woga ukaniingia. Mwaka huu wote ukurasa wa kesho niliujua mimi peke yangu. Nikikosea, hakuna aliyejua. Darasa zima liliniita mwenye akili, kumbe nilikuwa mwenye kitabu tu.

Jioni hii watoto thelathini na wawili wameshaufungua ukurasa huo.

Kesho nitawafundisha nini?