Siku Nne Nilizokuficha Neno

Mama yangu mpenzi,

Nakusomea Fatiha kwanza, ndiyo salamu iliyobaki baina yetu. Kuna jambo sikukwambia ulipokuwa hai, na nimechoka kulibeba.

Unaikumbuka barua iliyotufikia Konde kutoka Ulaya, miaka ile baada ya Mapinduzi, kaka Seif alipokuwa baharia wa meli za Wazungu? Iliandikwa Kiingereza. Nilikuwa darasa la saba, na nyumba nzima nilikijua mimi tu, nawe ukijivuna kwa hilo kwa kila jirani. Uliweka chini ukili wako wa kushonea mkeka, ukasema, "Haya, nisomee. Polepole."

Ilikuwa mistari mitatu. Wenye meli walisema watatuma vitu vya mwanao, na kabla ya neno la mwana waliweka "late". Hilo nililijua. Mwalimu alilitumia kila asubuhi kwa waliokuja shule kengele imeshalia. Nikakwambia, "Wanaleta mizigo ya kaka. Mwenyewe kachelewa."

"Kawia ufike," ulisema, ukainuka kutafuta chokaa.

Ulikipaka chumba chake kuta zote. Ukatoa godoro juani. Majirani walikuja kukupa hongera, ukawapikia chai.

Jumatatu tukasoma darasani habari za mfalme mmoja, na neno lile likawa mbele ya jina lake. Nikauliza alichelewa wapi. Wenzangu walicheka. Mwalimu, mtu wa Unguja, hakucheka. Alieleza kwamba asili yake neno hilo lilikuwa la kitu kizito, chenye kukawia. Baadaye likachukua pia maana ya karibuni, ya juzijuzi, na kwa njia hiyo Waingereza wakamwita hivyo mtu aliyekuwa hai juzi tu. "Likimtangulia mtu namna hii," alisema, "lisomeni marehemu."

"Na likimtangulia mtoto wa mtu?"

Aliweka chaki mezani. "Hata yeye. Nani kakuandikieni?"

Nikaketi. Baadaye tulijua kwamba kulikuwa na barua ya kwanza, iliyoeleza yote, nayo haikutufikia.

Nilirudi nyumbani nikakukuta unaimba. Sikuwahi kukusikia ukiimba tangu baba atutoke. Nikanyamaza. Jumanne nikanyamaza. Jumatano ukavuka kwa mashua hadi kisiwa cha Kojani kumpa mama mdogo habari njema, na mimi nilikuangalia ukifunga kanga ya safari, nisiseme kitu.

Nilikwambia Ijumaa, watu wametoka msikitini.

"Isome tena," ulisema.

Nikasoma neno baada ya neno. Uliikunja karatasi ukaitia chini ya mkeka. Ukanishika kichwa. "Hukunena urongo, mwanangu. Ulisoma ulijualo."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba nililijua tangu Jumatatu. Sikusema.

Kaka akasaliwa sala ya ghaibu, maana maiti yake hatukuwa nayo. Siku ya pili ukavuka tena Kojani, safari hii nami nikiwa ubavuni mwako. Mama mdogo alitupokea pwani anacheka, kambeba kuku wa kumchinjia Seif. Ulishuka majini, ukamwendea, ukasema, "Seif hayuko, mdogo wangu." Akauliza nani kasema. Ukajibu, "Barua ile ile." Mlikaa mchangani nguo zimerowa, na mkono wako mmoja ukawa unampapasa yeye, mwingine unanipapasa mimi, kana kwamba hukuwa wewe uliyefiwa.

Mimi sasa ni mwalimu wa Kiingereza hapa Wete. Neno lile nalifundisha maana zote mbili siku moja, wala sitoki darasani mpaka kila mtoto ameelewa. Wanadhani mimi ni mkali tu.

Mwezi uliopita nilitakiwa kazini kuandika karatasi ya Kiingereza kueleza msiba wako, nikaliweka neno hilo mbele ya jina lako. Nililiandika bila kukosea. Kisha nikalia, maana hapakuwa na mtu wa kuniambia nisome tena.

Nilikuwa mtoto, mama, na nyumba ilikuwa na furaha. Sikutaka kuwa mimi wa kuizima. Lakini pale pwani aliyepaswa kumwambia mama mdogo ni mimi, si wewe. Niwie radhi, na Mungu akupe kaburi lenye nafasi.

Ni mimi,
mwanao uliyemwamini kukusomea