Uso Uliomtoa Zoko

Gemena, 14 Agosti

Kaka Dawili mpendwa,

Natumaini wewe na wifi hamjambo huko Mbandaka, na kwamba kile kifua kimekuachia. Sisi tu wazima. Mama bado anauliza kama mjini mnapata kisamvu cha kweli. Nami ni mzima, ila barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Mwanao Zoko ametoka gaza, kambi yetu ya jando, Jumamosi. Kidonda kimepona, na anatembea kama njia yote ni yake. Wavulana kumi na wawili walitoka wakicheza nyuma ya kinyago kipya, maana kile cha zamani kililiwa na mchwa. Mzee Ngbale, mkuu wa kambi, alimsifu Baba mbele za watu kwa kukichonga, akasema mikono yake imerudia ujana. Baba aliinamisha kichwa tu.

Kaka, Baba anatetemeka. Tangu mvua za kwanza hawezi kushika hata kijiko, na hataki watu wajue. Alisema mjukuu wake hatatoka nyuma ya uso uliochongwa na nyumba nyingine.

Juzi sokoni shangazi Kolo alinishika kiganja akaniuliza, "We mwalimu, siku hizi chaki inatoa malengelenge?" Nikamwambia nimelima. Akacheka, akasema shamba langu analijua, magugu yanamfika kiunoni. Tangu hapo nikisikia hodi naficha viganja.

Basi nikwambie. Kinyago nilikichonga mimi. Baba alikaa mlangoni akinielekeza kwa mdomo, mimi jikoni na tezo lake, ambalo mwanamke hapaswi hata kuliruka. Sikuwa na uso wa kuiga, nikaegemeza kioo kwenye kinu. Nukta za kutoka kipajini hadi ncha ya pua nilizipanga sawa, lakini jicho la kushoto limelegea kama langu. Siku ya kutoka Zoko alikitazama kinyago, kisha akanitazama mimi, akarudi hatua moja nyuma.

Wakijua, watasema wavulana wote bado ni watoto, na Baba hatatoka nje tena. Yeye anataka nikichome. Mzee Ngbale anakitaka kwa kambi ijayo. Nimezunguka nacho siku nne bila kuamua.

Jana Zoko aliingia jikoni, akatua mzigo wa kuni, akaniuliza polepole kama tezo la Babu linahitaji kunolewa. Nikasema ndiyo. Akalinoa, akanirudishia mkononi.

Msalimie wifi na wadogo. Ukimaliza kusoma, barua hii itie motoni. Kinyago sitakitia.

Dada yako,
Sawili