Kilo Moja na Nusu

Kasulu, Jumatano. Watoto wamelala.

Na ugali sikuugusa! Jana jioni nilikula dagaa na mchicha tu, wenzangu wakimaliza sinia mbele yangu. Leo asubuhi nimepanda kwenye mizani ya stoo, ile tunayopimia magunia ya maharage, nikakuta kilo moja na nusu imeongezeka. Kwa usiku mmoja! Nilitamani kuipiga teke.

Lakini mizani siilaumu. Nesi wa kliniki ya presha alishaniambia: ukila chumvi nyingi mwili unashika maji, uzito unapanda na kushuka, usiangalie siku moja. Na wale dagaa walikuwa chumvi tupu.

Aliyeniumiza ni Yohana. Mume wangu mwenyewe, anayenisomea mizani kila asubuhi, aliyeahidi mbele ya nesi kwamba tutapambana pamoja nipungue, presha ishuke. Leo ameona namba akacheka, akapiga makofi kabisa.

"Afadhali! Mama anakuja Jumapili kutoka Muyama. Angekukuta umekonda angesema sikulishi."

Nikamuuliza, "Na presha yangu je?"

"Aa, mama Neema, presha nani anaiona? Kukonda ndiko watu wanakoona."

Mchana ameniletea soda, eti nijipongeze. Nimeimwaga kwenye migomba, akiniangalia.

Haya maji ya chumvi yatatoka tu, kesho au keshokutwa. Ila ile furaha niliyoiona usoni mwake... hiyo sijui itanitoka lini.