Koo la Mtutu Limelika, na Mume Wangu Anaongeza Baruti

Mpendwa Mama Murielle,

Naomba msaada wako, na unisamehe nikiandika mbiombio, maana furaha bado haijanitoka: nimechaguliwa! Mimi Jeptoo, mhasibu wa benki hapa Johannesburg, mama wa kijana mkubwa, nimeingia timu ya mkoa ya kulenga shabaha kwa bunduki, mita mia tisa, na jina langu lilipotangazwa uwanjani mume wangu Levi alininyanyua juu mbele ya watu akipiga kelele, "Huyu ni wangu! Huyu ni wangu!" mpaka nikasahau kuona haya.

Ujue Mama, tangu Kibet wetu aende kusoma Cape Town nyumba ilikuwa imenyamaza, tunakula kila mtu na simu yake, halafu tukaanza mchezo huu, mimi nalenga, yeye ananitengenezea risasi kwenye meza ya gereji, anapima baruti kwa mizani ndogo, anakandamiza kichwa cha risasi kwenye ganda, tunaongea, tunacheka, nimempata tena yule mwanaume aliyenioa. Sasa risasi zimeanza kutawanyika, nikampelekea bunduki Mansour, fundi wetu wa bunduki wa mtaa wa Mayfair, akaingiza kamera nyembamba ndani ya mtutu, akasema, "Dada, koo limelika," yaani pale risasi inapotoka kwenye ganda kuingia kwenye mifereji ya mtutu, moto wa baruti umepachimba na kupaacha na nyufa, na dawa ni mtutu mpya, anao, anaweza kuufunga wiki hii.

Levi akakataa. Alianza kukiweka kichwa cha risasi mbele zaidi kwenye ganda ili kiifikie mifereji, na kweli mwanzoni ilisaidia, lakini koo likazidi kulika, kasi ikapungua, sasa anaongeza na baruti, na Jumamosi nilipofyatua komeo la bunduki, kile chuma kinacholifunga ganda ndani ya mtutu, likakwama, nikalifungua kwa kulipiga kiganja, fataki kwenye kitako cha ganda ilikuwa imelala bapa, dalili kwamba baruti imezidi. Nikamwonyesha. Akasema, "Mama Kibet, niamini. Mtutu huu ndio uliokufikisha hapa." Alivyokuwa na furaha, nikaliacha ganda mezani. Nikimpinga nitamvunja moyo, nikinyamaza naogopa, na mashindano ni mwisho wa mwezi. Nifanye nini?

Jeptoo

*

Mdogo wangu Jeptoo,

Hongera! Nilisoma mistari yako ya kwanza nikapiga kigelegele, ofisi nzima ikageuka.

Sasa kaa nikugombeze. Komeo limekwama karibu na shavu lako, nawe unaniuliza kama mume atavunjika moyo? Eish! Ndiyo maana nilikupigia simu bila kungoja gazeti litoke, nikakuambia usifyatue tena hata risasi moja, na usimpelekee Levi ubishi wa koo na mifereji, umwambie tu ulilowaficha wote isipokuwa mimi: unaogopa.

Jana ulinipigia huku unacheka na kulia. Wasomaji nao wajue. Levi aliposikia neno hilo aliliokota ganda lile, akaligeuzageuza, akakuuliza, "Mbona hukusema? Mimi nilidhani ukiona nimeshindwa kuutibu mtutu huu, hutanihitaji tena." Kumbe naye alikuwa na hofu yake! Mkaondoka pamoja kwenda kwa Mansour, na mtutu mpya unafungwa.

Basi nisikilizeni wote wawili. Nilimuuliza Mansour mwenyewe, kwa ruhusa yako. Zile risasi za zamani Levi azifungue zote, asiache hata moja, kwa sababu alizitengeneza kufuata koo lililolika, na kwenye koo jipya ni hatari zaidi. Kisha aanze upya na baruti kidogo, kama kitabu cha vipimo kinavyosema, apande polepole, mjaribu pamoja uwanjani. Kazi yako haijaisha, Levi, unasikia? Ndiyo kwanza inaanza!

Nawe Jeptoo, ukiogopa, sema papo hapo, hata kama mwenzio anatabasamu. Nenda ukalenge. Mimi nitakuwa nyuma ya kamba na vigelegele vyangu, wanifukuze wakitaka.

Mama Murielle