Mama Mkwe Alipofunga Mzigo kwa Sababu ya Sauti Yangu

"Mwanamke mkali na mama mkwe mkimya hawawezi kula chungu kimoja."

Ndivyo alivyosema mhubiri mmoja redioni leo Jumamosi, mvua ikipiga bati la jikoni hapa Arua. Nilimjibu palepale nikisonga enyasa, ugali wetu, mwiko juu. Nani kamwambia kwamba tabia ya kuzaliwa nayo ni hukumu? Uongo mtupu, nikasema, afunge mdomo aende kwake.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa mlangoni, mzigo umefungwa kwa kitenge.

Tunakaa naye tangu macho yalipoanza kumsumbua. Ni mtu wa Abuku, huko Koboko, mpole, anachambua maharage asubuhi nzima bila neno. Kwetu Ayivu tunapendana kwa kubishana kutoka ua hadi ua. Anayenyamaza ndiye aliyekasirika. Ukimya wake niliuona kama lawama, nikawa napandisha sauti ili angalau anijibu.

"Mama, unaenda wapi na mvua hii?"

"Abuku. Karanga iko na majani."

"Utapalilia na macho hayo?"

"Mutu mukubwa hapana ngoja kufukuzwa mara mbili. Kila asubuhi unapiga kelele."

"Naipigia redio, mama."

Akafikiri. "Redio inajibu?"

"Haijibu."

"Basi unachoka bure, mwana yangu."

Hakuniamini. Mkono haukuachia mzigo.

Mume wangu alikuwa pembeni na chai yake. Ni mpole kama mama yake. Alijua siku zote hizi kwamba mama ana hofu, ila kwao hofu ya mtu haiguswi, inasubiriwa ipite. Safari hii aliweka kikombe chini.

"Mama, huyu akikukasirikia atanyamaza. Mimi nilimwona hivyo mara moja tu. Niliogopa."

Mama mkwe akacheka, akakaa.

Mzigo bado umefungwa, uko chini ya kitanda. Lakini amekula enyasa yangu, na mchana wote amekaa jikoni, karibu nami.

Nilijaribu kusema polepole. Mume wangu akaniuliza kama naumwa.

Sitageuka mpole, wala yeye hatageuka msemaji. Ila nusura tumpoteze mama kwa sababu aliyeelewa pande zote mbili alikuwa anakunywa chai.

Kwa hiyo ninyi wana wa Koboko mliooa wanawake wenye mdomo, mnaodhani kunyamaza kwenu ndiyo amani: mwambieni mama leo, kabla hamjanawa mikono kula, kwamba hakuna anayemfukuza.